Folda ya Dropbox ndani ya patisheni iliyosimbwa: hatua kwa hatua, bila kupoteza faili

Swali hili nimeshalijibu mara nyingi kiasi kwamba sasa naliandikia mwongozo. Huja hivi: "Nimesimba patisheni kwa VeraCrypt, nikahamishia folda ya Dropbox humo ndani. Leo nimewasha kompyuta, Dropbox inasema folda haipo. Faili zangu zimekwenda wapi?"

Hazijaenda popote. Patisheni, yaani ile sehemu ya diski uliyoisimba kwa nenosiri kupitia programu ya VeraCrypt, bado imefungwa, na Dropbox, programu inayosawazisha faili zako na wingu (seva za mtandaoni), imeamka kabla yako. Shida karibu zote za mchanganyiko huu zinatokana na mpangilio: nani anatangulia kuingia na nani anatangulia kutoka. Patisheni ifunguke kwanza ndipo programu ya kusawazisha iwashwe. Wakati wa kufunga, programu izimwe kwanza ndipo patisheni ifungwe. Ukiligeuza hilo, siku moja utajikuta unatafuta faili kwenye pipa la taka la mtandaoni usiku wa manane.

Mfano wangu ni Windows 10 au 11, VeraCrypt na Dropbox. OneDrive na Google Drive zina vituko vyake, nitavitaja panapohusika. Watu wa Linux nao nimewawekea kifungu chao karibu na mwisho.

Ujue kwanza unalinda nini

Patisheni iliyosimbwa inakulinda kompyuta ikiibiwa, ikisahaulika kwenye daladala, au ikilala kwa fundi siku tatu. Hailindi kilichoko kwenye wingu. Ukishaifungua, Dropbox inazisoma faili kama zilivyo na kuzipakia kama zilivyo. Kwenye seva zao zinasimbwa, ndiyo, lakini ufunguo wanao wao. Kama unataka hata wenye seva wasisome, hatua ya 8 ni yako.

Na kama Windows yako ni Pro, fikiria BitLocker, usimbaji uliomo ndani ya Windows yenyewe, kabla ya yote haya. Ukisimba C: pamoja na patisheni ya data, unaweza kuiambia patisheni ijifungue yenyewe unapoingia, na suala la nani atangulie linapungua sana. VeraCrypt naipendekeza kwa mwenye Windows Home, au kwa anayetaka kuweza kuifunga patisheni huku kompyuta inaendelea kutumika, mfano kompyuta ya ofisi inayokaliwa na watu watatu.

Andaa hivi

- VeraCrypt, uipakue kwenye tovuti yake yenyewe. Usichukue ya kwenye flashi ya mtu.
- Diski ya nje yenye nafasi ya kubeba faili zako zote. Hili halina mjadala.
- Nenosiri refu. VeraCrypt yenyewe inalalamika likiwa chini ya herufi 20. Sentensi ya maneno sita saba yasiyohusiana inatosha, na utaikumbuka.
- Chaja ikiwa kwenye umeme, na betri imejaa. Umeme ukikatika katikati ya kazi usikukute na asilimia 9.
- Intaneti isiyo ya kuhesabu, kama utapakia kwa mara ya kwanza. GB 30 kwa kasi ya kupakia ya megabiti 5 kwa sekunde ni saa 13 na ushee, na bando la simu litakwisha kabla ya chakula cha mchana. Ukilazimika kutumia simu, nenda kwenye mipangilio ya Wi-Fi ya Windows uiweke kuwa "Metered connection", halafu hakikisha programu yenyewe nayo imesimamishwa.

Hatua

1. Nakili kila kitu kwenye diski ya nje. Ukimaliza, ichomoe kabisa. Nakala iliyobaki imechomekwa nayo inaweza kufutwa kwa bahati mbaya, maana katika hatua ya 4 utakuwa unachagua diski kwenye orodha ya majina yanayofanana.

2. Acha Dropbox imalize, kisha uizime. Bofya ikoni yake karibu na saa, subiri iseme kila kitu kimesawazishwa. Ingia "Preferences", sehemu ya "General", uondoe tiki kwenye "Start Dropbox on system startup". Halafu toka kwa "Quit". Kufunga dirisha hakutoshi, programu inabaki imejificha kule pembeni. Kwa OneDrive, tiki ya kuondoa ni ile ya "Start OneDrive when I sign in to Windows".

3. Tengeneza patisheni. Bonyeza Windows na R, andika `diskmgmt.msc`. Bofya C: kwa kitufe cha kulia, chagua "Shrink Volume", weka ukubwa. Windows ikikuruhusu kidogo kuliko nafasi unayoiona tupu, ni kwa sababu kuna faili za mfumo zilizokaa katikati ambazo haiwezi kuzihamisha. Ridhika na ulichopewa, au tumia diski nyingine.

Kwenye ile nafasi mpya chagua "New Simple Volume". Hapa kuna mambo mawili ambayo wengi huyapita. Ukiulizwa herufi ya diski, chagua isipewe herufi. Ukiulizwa kufomati, chagua isifomatiwe. Sababu ni hii: Windows ikiiona patisheni iliyosimbwa ikiwa na herufi, inaona takataka tupu, kisha inakuletea kidirisha cha heshima kabisa kinachosema diski hii inahitaji kufomatiwa kabla ya kutumika. Kitufe cha kukubali kipo hapo hapo. Siku moja kuna mtu wa nyumbani atakibonyeza akidhani anakusaidia.

4. Isimbe. Fungua VeraCrypt, "Create Volume", kisha "Encrypt a non-system partition/drive". Chagua "Standard VeraCrypt volume", halafu "Select Device". Soma ukubwa wa patisheni mara mbili kabla ya kukubali, maana ukubwa ndio utakaokutambulisha iliyo yako. Patisheni ni tupu, hivyo chagua "Create encrypted volume and format it".

Chaguo za usimbaji, AES na SHA-512, ziache zilivyo. Ukiulizwa kama utahifadhi faili kubwa kuliko GB 4, jibu ndiyo, na mfumo wa faili uwe NTFS. OneDrive haikubali FAT wala exFAT, na Dropbox nayo haina raha nazo. Zungusha kipanya ovyo mpaka mstari ujae, kisha "Format". "Quick Format" usiiwekee tiki kama una muda. Nenda kanywe chai.

5. Hifadhi nakala ya kichwa cha patisheni. Hatua hii huwa hairukwi na mtu aliyewahi kuumia. Ufunguo halisi wa data umekaa kwenye eneo dogo mwanzoni mwa patisheni, na lile eneo likiharibika, nenosiri sahihi peke yake huenda lisisaidie kitu. Kwenye VeraCrypt chagua patisheni, ingia "Tools", kisha "Backup Volume Header". Faili inayotoka iweke kwenye flashi tofauti. Usiiweke ndani ya patisheni yenyewe. Inachekesha, lakini nimeikuta humo zaidi ya mara moja.

6. Ipe herufi isiyobadilika. Kwenye dirisha kuu la VeraCrypt chagua herufi ya mbali, mimi hutumia V, kisha "Select Device", "Mount", na nenosiri. Ikishafunguka, ingia menyu ya "Favorites" uiongeze kwenye orodha. Kwenye kidirisha hicho weka tiki kwenye kutumia kitambulisho cha patisheni, yaani "Volume ID". Bila hiyo VeraCrypt inaikumbuka kwa namba ya diski, na namba hizo huhama ukichomeka diski ya nje. Ile ya kuifungua kama "removable medium" iache bila tiki: OneDrive haikubali kuweka folda yake kwenye diski inayojitambulisha kuwa ya kuchomolewa.

Herufi za karibu kama E au F ziache. Flashi ikiingia kabla patisheni haijafunguliwa, inaichukua herufi hiyo, na hapo programu ya kusawazisha itakuwa inaangalia mahali pengine kabisa.

Sasa fungua V: na uweke humo faili tupu ya maandishi, iite `ipo.txt`. Ikae kwenye mzizi wa V:, nje ya folda ya Dropbox. Kazi yake inakuja.

7. Hamisha folda kwa kutumia programu yenyewe. Washa Dropbox kwa mkono, ingia "Preferences", kisha "Sync", tafuta mahali folda ilipo, bonyeza "Move" na uchague V:. Itatengeneza `V:\Dropbox`. Usiikate folda na kuibandika kwa mikono kupitia dirisha la faili huku programu inaendelea. Ukifanya hivyo, programu inaona faili zikitoweka moja moja, na kazi yake ni kuyapeleka mtandaoni kila mabadiliko inayoyaona.

OneDrive haina kitufe cha kuhamisha. Unaitenganisha na kompyuta kwa "Unlink this PC", unahamisha folda kwa mkono, unaingia upya kwenye akaunti, na ikifika pa kuonyesha mahali unachagua folda iliyo V:. Itasema kuna faili humo tayari. Kubali kutumia folda hiyo. Baada ya hapo itasaga muda mrefu. Inalinganisha, kwa hiyo usidhani inapakia yote upya.

Google Drive ndiyo inayowapotosha wengi. Ikiwa imewekwa kwenye "Stream files", inatengeneza diski yake ya bandia, mara nyingi G:, na faili ulizofungua zinabaki kwenye akiba iliyoko C:, ndani ya folda iliyofichwa ya AppData. Mtu ana patisheni yake nzuri iliyosimbwa, imekaa tupu, huku nyaraka ziko nje. Badili iwe "Mirror files" na uelekeze folda V:, au ingia kwenye mipangilio yake ya ndani uhamishie ile akiba V:.

8. Kama hutaki wingu lisome, ongeza Cryptomator. Ni programu huria, bure kwenye kompyuta. Unatengeneza kuba (folda iliyosimbwa, "vault") ndani ya `V:\Dropbox`, unaifungua kwa nenosiri jingine, unaweka humo zile nyaraka nyeti. Kila faili inasimbwa peke yake, kwa hiyo ukirekebisha barua moja inapakiwa barua hiyo moja. Wengine huweka kontena la VeraCrypt (faili moja kubwa iliyosimbwa) kwenye Dropbox badala yake. Inawezekana, lakini kwa kawaida VeraCrypt haibadilishi tarehe ya kontena unapoandika ndani, hivyo programu ya kusawazisha huenda isigundue kuna kipya mpaka uondoe tiki ya "Preserve modification timestamp" kwenye mapendeleo. Tena ukilifungua kwenye kompyuta mbili kwa wakati mmoja unapata makontena mawili yanayogombana, na hakuna njia ya kuyaunganisha. Mimi siwashauri watu hiyo njia.

9. Andika skripti (faili ya amri) ya kufungulia. Fungua Notepad, bandika hii, hifadhi kwenye Desktop kwa jina `fungua.bat`:

```
@echo off
start /wait "" "C:\Program Files\VeraCrypt\VeraCrypt.exe" /q /a favorites
if not exist V:\ipo.txt goto hapana
start "" "C:\Program Files (x86)\Dropbox\Client\Dropbox.exe"
exit /b
:hapana
echo Patisheni haijafunguka. Dropbox haitawashwa.
pause
```

Njia ya Dropbox kwenye kompyuta yako inaweza kuwa tofauti. Bofya kulia ikoni yake, tazama "Properties" uichukue hapo. Sasa unaiona kazi ya `ipo.txt`. Kuuliza tu kama V: ipo hakutoshi, maana flashi yoyote inaweza kuwa V:. Lakini flashi haina hiyo faili. Ukikosea nenosiri, skripti inasimama na Dropbox inabaki imelala.

Nenosiri usiliandike ndani ya skripti. Najua VeraCrypt inaruhusu. Ni sawa na kufunga mlango na kuuning'iniza ufunguo kwenye kitasa.

10. Kufunga. Hii mimi hufanya kwa mkono. Ikoni ya Dropbox, subiri iseme imemaliza, "Quit". Funga Word, Excel na madirisha ya faili. Kisha VeraCrypt, chagua V, ubonyeze "Unmount" (matoleo ya zamani yameandika "Dismount").

Kwenye mapendeleo ya VeraCrypt kuna kufunga kwa kujiendesha: kompyuta ikilala, ukitoka kwenye akaunti, au isipotumika kwa dakika kadhaa. Ni mazuri, ila kuna kisanduku cha kulazimisha kufunga hata kama kuna faili zilizo wazi. Hicho kiondolee tiki. Kukata patisheni wakati Dropbox inaandika ni kuikata miguu ikiwa inakimbia.

11. Fagia mabaki ya C:. Kama folda ya zamani bado ipo, ifute, kisha safisha "Recycle Bin". Kwenye diski za kuzunguka, amri ya `cipher /w:C:\` inaandika juu ya nafasi iliyoachwa. Kwenye SSD, yaani diski zisizozunguka, hakuna uhakika huo. Na hata baada ya kufagia, majina ya faili hubaki kwenye kumbukumbu za Dropbox zilizoko AppData, na Word huacha nakala zake za dharura huko huko. Ndiyo maana kwa mwenye nyaraka za wateja au za wagonjwa nasema asimbe C: pia.

Kwa walio kwenye Linux

Hapa hatari ni kubwa zaidi, na naijua kwa sababu iliniangukia. Nilikuwa na diski iliyosimbwa kwa LUKS (usimbaji wa Linux) inayofunguka kwenye `/data`, na hiyo `/data` yenyewe ndiyo niliyoipa programu iwe folda ya kusawazisha. Asubuhi moja mashine ikajiwasha upya baada ya umeme kurudi. Diski ikabaki imefungwa ikisubiri nenosiri, lakini folda `/data` ipo siku zote, hata diski isipokuwepo. Inakuwa tupu tu. Programu ikaamka, ikakuta pako tupu, ikahitimisha kuwa mwenye nyumba amefuta kila kitu. Ikafuta mtandaoni. Kompyuta ya pili sebuleni nayo ikatii. Nilichokiona mimi kwanza ni picha za harusi ya dada yangu zikitoweka kwenye skrini, safu baada ya safu. Nilizirudisha kutoka kwenye pipa la taka, ilinichukua siku nzima.

Tangu siku hiyo nafanya mambo mawili. Folda ya kusawazisha inakuwa ndani zaidi, mfano `/data/wingu`, ili diski ikiwa imefungwa folda isionekane kabisa badala ya kuonekana tupu. Na wakati diski imefungwa, naendesha `sudo chattr +i /data`, ili programu isiweze kuitengeneza upya `wingu` humo. Wanaotumia Syncthing, programu nyingine ya kusawazisha, wana unafuu: inaweka alama yake ya `.stfolder` ndani ya folda, na isipoiona inagoma kufanya kazi. Wazo la `ipo.txt` ni lile lile.

Mambo yakikwama

*Dropbox inasema folda imehamishwa au imefutwa.* Usikubali kuanza upya, wala usitengeneze folda tupu yenye jina hilo kuiridhisha. Izime Dropbox kwa "Quit", fungua V:, kisha iwashe tena. Itaendelea ilipoishia.

*V: inakataa kufungwa, inasema inatumika.* Mara nyingi ni dirisha la faili lililosahaulika, au Excel iliyojificha nyuma. Bonyeza Windows na R, andika `resmon`, ingia "CPU", kwenye sehemu ya "Associated Handles" tafuta `V:`. Itakutajia anayeishikilia.

*Nenosiri ni sahihi lakini linakataliwa.* Angalia lugha ya kibodi, halafu Caps Lock. Kama uliweka PIM (namba ya ziada ya VeraCrypt inayoambatana na nenosiri) ulipoisimba, ni lazima uiweke na sasa. Vyote vikiwa sawa, jaribu "Restore Volume Header" kwa ile nakala ya hatua ya 5.

*Patisheni imejaa, wingu bado lina vingi.* Tumia "Selective sync" uchague folda za kukaa kwenye kompyuta. Kufuta faili kutoka V: ili upate nafasi ni kuzifuta na mtandaoni.

*Kuna faili zenye maneno "conflicted copy".* Faili moja ilirekebishwa sehemu mbili kabla hazijaonana. Fungua zote mbili, linganisha, bakisha moja. Zikizidi, ujue unafunga patisheni kabla Dropbox haijamaliza kupakia.

*Kila kitu kimefutika mtandaoni.* Zima intaneti kwenye kompyuta zako nyingine zote kwanza, kabla hazijatii. Kisha ingia kwenye akaunti kupitia kivinjari, nenda kwenye faili zilizofutwa. Akaunti za bure za Dropbox zinazitunza siku 30; Google Drive na OneDrive ya binafsi nazo ni 30. Rudisha huko huko mtandaoni, subiri ikamilike, ndipo uzirudishe kompyuta hewani moja moja, ukianza na ile yenye patisheni iliyo wazi.